Utando Uliokataa Kurudi Gizani: Uchambuzi wa Kisa cha Kihisi Mwanga cha Polima

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya fizikia ya chuo kikuu kimoja kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Jina la chuo, mji, mwaka na wahusika nimeviondoa. Tulikuwa watatu: mwanafunzi wa shahada ya uzamili, fundi sanifu wa maabara aliyekuwa akikaribia kustaafu, na mimi niliyesimamia utafiti. Nakiandika kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza kazi na polima (kemikali za minyororo mirefu, kama plastiki) zinazohisi mwanga, kwa sababu kosa letu ni rahisi kufanyika, na kwa muda wa wiki tatu lilitupa furaha kubwa.

Lengo lilikuwa kutengeneza kipande cha plastiki laini kinachofungwa kidoleni kama bendeji. Kipande hicho kipokee mwanga wa LED ya kijani uliopita kwenye ngozi, kisha kitoe mkondo wa umeme unaopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Ukitaka kuona umbo la kila pigo, si kuhesabu mapigo tu, kihisi chako lazima kipande na kushuka ndani ya sehemu chache za mia za sekunde. Hiyo ndiyo namba iliyokuja kutuumbua.

Malighafi yetu ilikuwa P3HT, polima ambayo karibu kila maabara ya semikondakta (nusu-vipitishi vya umeme) za kaboni imeipitia. Ikiwa imeyeyushwa ndani ya chupa ina rangi ya chungwa. Ikikauka juu ya kioo hugeuka damu ya mzee. Mabadiliko hayo ya rangi yana maana. Minyororo ya polima iliyokuwa imejikunjakunja ndani ya kiyeyusho hunyooka na kulaliana, elektroni hupata nafasi ndefu zaidi ya kutandaa, na utando huanza kunyonya mwanga wa mawimbi marefu zaidi. Utando wa P3HT hunyonya vizuri kati ya nanomita 450 na 600, kisha uwezo huo hukatika karibu na nanomita 650. LED yetu ilikuwa ya nanomita 530, kwa hiyo tuliona tumelenga katikati kabisa.

Vifaa vilikuwa vya kawaida: mashine ya kuzungusha ya kutandazia polima, kabati la kuvuta mvuke wa kemikali, mtungi wa naitrojeni, chombo cha ombwe cha kuvukizia metali kilichofanya kazi siku moja na kugoma siku mbili, na kiyoyozi kimoja ambacho maji yake yalichuruzika kwenye ndoo. Kisanduku cha glovu, kile kinachomwezesha mtu kufanya kazi yote ndani ya hewa kavu isiyo na oksijeni, hatukuwa nacho.

Uamuzi wa kwanza: njia nyepesi

Kihisi cha polima kinaweza kujengwa kwa namna mbili kuu. Ya kwanza ni kutandaza polima juu ya elektrodi mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, kuweka volti kati yake, na kuangalia mkondo unavyoongezeka mwanga unapowaka. Ya pili ni dayodi ya tabaka: chini elektrodi angavu, katikati mchanganyiko wa polima na kemikali inayopokea elektroni, juu metali.

Njia ya pili ndiyo yenye historia nzito. Mwaka 1992 kundi la Santa Barbara, California, lilionyesha kwamba elektroni iliyoamshwa na mwanga kwenye polima hurukia molekuli ya C60, mpira wa atomu 60 za kaboni, kwa kasi kubwa mno kabla haijapotea. Mwaka 1995 ikaonyeshwa kwamba ukivichanganya viwili hivyo hadi viingiliane kama mchanga na saruji, kila kona ya utando inakuwa karibu na mpaka ambapo chaji zitatenganishwa. Hilo ni la lazima, kwa kuwa katika polima mwanga hauzai chaji huru moja kwa moja. Unazaa eksitoni, yaani elektroni na tundu lake (nafasi iliyoachwa na elektroni hiyo) vikiwa vimeshikana, na eksitoni hiyo husafiri takribani nanomita 10 tu kabla ya kufa.

Hayo yote tuliyajua. Tulichagua njia ya kwanza kwa sababu chombo cha ombwe kilikuwa kibovu, akiba ya PCBM, yaani C60 iliyofanyiwa marekebisho ili iyeyuke, ilikuwa ndogo, na mwanafunzi alihitaji takwimu kabla ya mwisho wa muhula. Kwa mazingira yale bado naona ulikuwa uamuzi wa busara. Kosa lilikuwa jingine: hatukujiuliza njia hiyo ina tabia gani ambayo ya pili haina.

Kilichotokea

Kazi ilianza Februari, katikati ya joto la kaskazi. Mwanafunzi aliyeyusha P3HT katika klorofomu, akaitandaza juu ya plastiki ya PET (ile ya chupa za maji) yenye elektrodi za dhahabu zilizoachana kwa maikromita 50, akaweka volti 20, akawasha taa ya halojeni. Mkondo ulipanda mara kadhaa zaidi ya ule wa gizani. Aliniita kwa simu saa mbili usiku, na nilirudi chuoni kuangalia. Sitasahau uso wake.

Wiki zilizofuata aliunda vipande vingine kumi na viwili, na vyote vilijibu. Vingine vilijibu zaidi ya vya kwanza, na kadiri taa ilivyokaa ikiwaka ndivyo mkondo ulivyozidi kupanda. Tuliandika ikisiri ya mkutano wa kisayansi tukataja mwitikio mkubwa wa kihisi kinachonyumbulika. Ikisiri niliipitia mimi, na mimi ndiye niliyesema itumwe, kwa sababu tarehe ya mwisho ilikuwa siku mbili mbele na ufadhili wa mwanafunzi ulitaka ushahidi wa maendeleo.

Jambo moja lilikuwa linasumbua tangu siku ya kwanza. Taa ikizimwa, mkondo haukurudi. Ulishuka kidogo kwa haraka, kisha ukaburura mkia kwa dakika nyingi. Mwanafunzi aliliandika kwenye daftari lake: "kurudi polepole". Tukakubaliana kwamba ni ubovu mdogo wa utando, tutaurekebisha baadaye kwa kubadilisha kiyeyusho. Ili kupima vipande vingi kwa siku alianza kusubiri dakika tano tu kati ya kipimo na kipimo. Maana yake ni kwamba "giza" la kila kipimo kipya lilikuwa na masalia ya mwanga wa kipimo kilichotangulia.

Machi mvua zilipoanza, mkondo wa gizani ulianza kupanda siku hadi siku, hata kwa vipande ambavyo havijaguswa.

Aliyetuzindua ni fundi. Asubuhi moja alikuja kuchukua waya, akaweka kidole kwenye kishikio cha sampuli kilichokuwa chini ya taa.

"Mwanangu, hebu shika hapa."

"Ni taa tu hiyo, Mzee. Lazima ipate moto."

"Sawa. Sasa hiyo mita inasoma mwanga au inasoma moto?"

Mwanafunzi hakuwa na jibu. Alikuja ofisini kwangu akanirudia swali lile neno kwa neno, na mimi pia sikuwa na jibu.

Uamuzi wa pili: kusimamisha kila kitu na kupima giza

Tulisimamisha utengenezaji wa vipande vipya. Kwa siku kumi hatukutafuta matokeo yoyote mapya. Tulivitenganisha vitu ambavyo taa moja ilikuwa imevichanganya.

Kwanza, joto. Tulipima halijoto ya sampuli chini ya halojeni tukakuta nyuzi 52 za Selsiasi, wakati chumba kilikuwa na 30. Tukaifunika sampuli gizani na kuipasha kwa sahani ya umeme hadi nyuzi hizo hizo. Mkondo uliongezeka kwa karibu nusu bila chembe ya mwanga. Haishangazi ukijua chaji husafirije ndani ya polima: hurukaruka kutoka kituo hadi kituo, na kila mruko husaidiwa na joto.

Pili, kipande kitupu. Tuliunganisha PET yenye dhahabu lakini isiyo na polima hata kidogo. Siku kavu mita ilisoma karibu na sifuri. Siku ya mvua kulikuwa na mkondo mdogo lakini dhahiri, ukipita kwenye unyevu uliojitanda juu ya plastiki. Kipimo hiki huchukua robo saa, na nakubali kwamba tulipaswa kukifanya siku ya kwanza.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha kisa, tulipima hewa. Tuliacha halojeni tukatumia LED ya kijani isiyopasha. Katika hewa ya kawaida jibu lilikuwa na sehemu mbili: mruko mdogo wa ghafla, kisha mpando mrefu wa dakika nyingi. Ilipozimwa, vivyo hivyo kinyume chake. Kisha tukachukua kipande kilichoundwa juu ya kioo, tukakiweka ndani ya chombo cha kioo kilichopitishiwa naitrojeni, tukakipasha nyuzi 80 kwa saa mbili ili kitoe oksijeni iliyojipenyeza, tukakiacha kipoe gizani usiku kucha. Asubuhi mkondo wa gizani ulikuwa umeanguka vibaya sana. Mruko wa ghafla ulibaki vilevile. Mpando mrefu ulikuwa karibu umetoweka. Tulipofungua kifuniko na kuruhusu hewa iingie, ulirudi mchana ule ule.

Sehemu kubwa ya jibu tulilolitangaza kwenye ikisiri haikuwa ya polima peke yake. Ilikuwa ya polima na hewa ya pwani.

Uamuzi wa tatu: kuondoa ikisiri, kubadili muundo

Ikisiri tuliiondoa. Mwanafunzi alilia kidogo, kisha siku ya pili akaja na orodha ya vifaa vya dayodi. Niliwaandikia waandaaji kwamba vipimo vyetu vilichanganya athari za joto na oksijeni, bila kuongeza udhuru.

Kiyeyusho tulibadilisha pia. Klorofomu huchemka kwa nyuzi 61, kwa hiyo utando hukauka kabla minyororo haijajipanga. Kwenye kioo watu hurekebisha hilo kwa kupasha utando hadi nyuzi 140 au zaidi, lakini PET huanza kulegea ikipita nyuzi 70 hadi 80. Kipande chetu cha kwanza kilijikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Tulifuata njia iliyoelezwa mwaka 2005 na kundi la UCLA, ya kuukausha mchanganyiko wa P3HT na PCBM polepole: tukatumia dayklorobenzini, inayochemka kwa nyuzi 180, na mara tu baada ya kuzungusha tukafunika utando mbichi kwa sahani ya petri ili ukauke taratibu. Rangi iliiva mbele ya macho yetu.

Elektrodi ya chini ilikuwa oksidi ya indiamu na bati juu ya PET, ambayo ni angavu lakini ni ya asili ya kauri, kwa hiyo huvunjika. Hapa hesabu moja ndogo ilituokoa. Plastiki ikikunjwa, mnyumbuko wa uso wake wa nje ni unene wake ukigawanywa kwa kipenyo cha mkunjo. PET ya maikromita 125 ikizungushiwa kwenye mti wa kipenyo cha milimita 10 hunyumbuka asilimia 1.25. Oksidi hiyo huanza kupata nyufa mahali fulani kati ya asilimia 1 na 2. Kidole cha kipenyo cha milimita 16 huipa asilimia 0.8, ambayo ni salama lakini kwa nafasi finyu, hasa mtu akikunja na kukunjua mara nyingi. Fundi ndiye aliyependekeza tubandike juu yake plastiki ya pili yenye unene ule ule kwa gundi ya epoksi. Kipande chenye tabaka mbili sawa hukunjika huku katikati yake pakikaa karibu bila kuvutwa wala kubanwa, na katikati ndipo dayodi ilipolala. Wakati huohuo kifuniko kilizuia hewa. Suluhisho moja lilijibu matatizo mawili.

Matokeo

Dayodi ya kwanza iliyofanya kazi ilikuwa juu ya kioo. Mwanafunzi aliiunganisha kwenye osiloskopu, na badala ya mstari mtulivu akaona mawimbi madogo yanayojirudia. Alidhani ni hitilafu ya nyaya. Alipohesabu alikuta mawimbi 100 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubulaiti zenye choki za zamani hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko. Kihisi kilikuwa kinaona taa za dari zikipepesa, jambo ambalo macho yetu hayawezi. Vile vipande kumi na viwili vya awali vilikaa chini ya taa zile zile kwa mwezi mzima na havikuonyesha hata dalili ya mawimbi hayo. Tangu siku hiyo, kila kihisi kipya katika maabara ile hupelekwa kwanza chini ya tyubulaiti. Kipimo ni cha bure, na ndani ya sekunde moja unajua kama mkononi una kitu cha haraka au la.

Juu ya PET tuliunda dayodi nane. Tatu zikafanya kazi, tano zikawa na shoti. Sababu kubwa ilikuwa vumbi: utando wa nanomita 200 hauvumilii chembe yoyote, na madirisha yetu ni ya vioo vya kupanga visivyozibika. Hizo tatu zilionyesha mapigo ya moyo ya sisi wote watatu, kwa kijani. Ile ambayo hatukuifunika ilikufa ndani ya siku mbili, alumini yake ikiliwa kutoka kingoni kuingia ndani. Zilizofunikwa zilidumu kwa wiki kadhaa zikififia taratibu. Mwanafunzi alihitimu kwa tasnifu yenye kichwa tofauti na kile alichoanza nacho, na sura yake yenye nguvu kuliko zote ni ile inayoeleza jibu la polepole.

Uchambuzi

Swali lililonikaa kwa muda mrefu ni kwa nini watu watatu wenye elimu ya kutosha walisoma "kurudi polepole" kila siku wasiuone uzito wake. Jibu langu ni kwamba tuliuhesabu ukubwa wa jibu kuwa habari njema na ucheleweshaji kuwa dosari ndogo, kana kwamba ni vitu viwili. Ni kitu kimoja.

Hesabu yenyewe ni fupi. Muda wa chaji kuvuka pengo ni mraba wa umbali ukigawanywa kwa zao la wepesi wake (kasi inayopata kwa kila kipimo cha uga wa umeme) na volti. Kwa pengo la maikromita 50, volti 20 na wepesi wa sentimita za mraba 0.0001 kwa volti kwa sekunde, ambao ni wa kawaida kwa P3HT ya kiwango cha kati, unapata milisekunde 12.5. Kwa hiyo kama kikwazo kingekuwa usafiri tu, kihisi chetu kingerudi gizani ndani ya sehemu chache za mia za sekunde, na kingetosha kabisa kwa mapigo ya moyo. Kilichukua dakika. Tofauti hiyo ya maelfu haiwezi kuitwa ubovu mdogo wa utando, na yeyote kati yetu angeweza kuipata kwa kalamu na nusu ukurasa siku ile ya kwanza.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Oksijeni ndani ya utando hupenda elektroni. Mwanga ukizaa chaji, elektroni hunaswa huko na tundu hubaki huru. Tundu likifika elektrodi moja na kutoka, jingine huingia kutoka elektrodi ya pili ili kulinda ulinganifu, na mzunguko huendelea mpaka elektroni ile iliyonaswa iachiwe. Idadi ya mizunguko ni muda wa kunaswa ukigawanywa kwa muda wa kuvuka. Elektroni ikinaswa kwa sekunde 60 na kila mvuko ukichukua milisekunde 12.5, fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, huzaa mivuko 4,800. Ndiyo maana jibu lilikuwa kubwa, na ndiyo maana halikurudi. Yeyote anayetaka kihisi cha kuhifadhi kumbukumbu ya mwanga, kwa mfano cha kupima jumla ya jua la siku nzima, anaweza kuitumia tabia hii. Kwa mapigo ya moyo ni sumu.

Wengi huizoea hewa kama mazingira tu, wakasahau kwamba kwa polima hizi hewa ni kemikali. Fani yenyewe ilizaliwa kwa njia hiyo. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger waliruhusu mvuke wa iodini uingie kwenye poliasetilini na upitishaji wake wa umeme ukaruka kwa mamilioni ya mara. Mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Oksijeni ni dhaifu kuliko iodini, lakini inafanya kazi ya ukoo huo huo, na inafanya bila kualikwa. Inapokutana na mwanga mkali kwa muda mrefu hufanya jambo baya zaidi: huvunja uti wa polima, na hapo kupasha ndani ya naitrojeni hakurudishi kitu. Kingo za vipande vyetu vya Februari zilikuwa zimeshaanza kupauka, na picha tunazo, ila hakuna aliyeziangalia kwa jicho hilo.

Sasa ile ndoo. Baada ya yote kwisha tulitaka kuthibitisha kwamba mpando wa mkondo wa gizani ulifuata unyevu, lakini hatukuwa tumeandika unyevu wa chumba hata siku moja. Fundi alikuwa ameandika. Katika daftari lake la zamu, kila jioni, alirekodi lita za maji alizomwaga kutoka kwenye ndoo ya kiyoyozi, kwa sababu aliwahi kulaumiwa kwa sakafu iliyolowa. Tulipoweka lita zake kando ya mkondo wetu wa gizani, mistari miwili ilipanda pamoja kuanzia wiki ya pili ya Machi. Takwimu bora zaidi ya mazingira katika mradi ule ilikuwa kwenye daftari la mtu ambaye sikumwalika kwenye mkutano hata mmoja wa utafiti. Hilo ni kosa la msimamizi, na nimelirekebisha: fundi hukaa mezani tangu kikao cha kupanga muundo, na jina lake huingia kwenye maandishi anapochangia.

Kuhusu yaliyofanya kazi nina machache. Kusimama siku kumi kulikuwa uamuzi wenye faida kuliko yote, ingawa siku zile zilionekana za hasara. Kutenganisha joto, uso na hewa kimoja kimoja, badala ya kubadilisha vyote pamoja na kutumaini, kulitupa jibu lisilobishaniwa. Kifuniko cha PET kilikuwa kizuri kwa mkunjo lakini kwa hewa kilikuwa cha kati tu, kwa kuwa PET yenyewe hupitisha mvuke wa maji. Skrini za OLED, yaani za LED za kaboni, zinahitaji kizuizi kinachopitisha si zaidi ya takribani sehemu moja ya milioni ya gramu kwa mita ya mraba kwa siku, na plastiki ya chupa ya maji haikaribii hapo. Wiki kadhaa za uhai ndicho tulichostahili kupata.

Limebaki jambo ambalo marekebisho yote hayo hayakuligusa. Kijani tulikichagua kwa sababu P3HT hukiona, na P3HT tuliichagua kwa sababu ilikuwa kabatini. Hakuna aliyeanza na ngozi. Melanini, rangi asilia ya ngozi, hunyonya kijani zaidi kuliko inavyonyonya nyekundu, na sisi watatu ni watu weusi: mapigo tuliyoyaona yalikuwa madogo, na kwa fundi, mwenye ngozi nyeusi kuliko sisi, yalikuwa karibu kuzama kwenye kelele. Tulijaribu LED nyekundu ya nanomita 660. Kihisi hakikuona kitu, kwa kuwa tulikuwa tumepita mpaka wake wa 650. Suala hili halikomei kwetu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba vipima oksijeni vya hospitalini vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kihisi kinachobuniwa pwani yetu, kwa vidole vya watu wetu, kilipaswa kuanza na swali hilo.

Kundi la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lililotengeneza kipima oksijeni kwa semikondakta za kaboni mwaka 2014 lilitumia kijani pamoja na nyekundu. Polima zenye pengo dogo la nishati, yaani zinazohitaji nishati kidogo kuamsha elektroni, kama PTB7, huona hadi zaidi ya nanomita 700. Mwanafunzi aliyefuata alianza na jedwali moja tu kabla ya kuagiza kemikali yoyote: safu ya kwanza urefu wa wimbi, ya pili kiasi kinachopita kwenye ngozi nyeusi, ya tatu polima inayouona. P3HT ilikuwa kwenye mstari wa mwisho.